Shamba Dogo la Mmea wa Maziwa

Isecheno, Kakamega
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mpendwa Baba Muhonja,

Shamba lako dogo bado lipo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za watoto, kabla hata hujavua viatu. Lipo nusu. Nusu ya chini ilifyekwa, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia baada ya kanisa, huku mvua inanyesha na hakuna mtu anayenihitaji. Nataka habari hii uipate kwangu.

Unakumbuka lilivyoanza? Ulikuwa kibarua kwenye kitalu cha miti, na barabara ilikuwa inapanuliwa. Mashine ilikwangua kingo zote mbili mpaka udongo ukabaki uchi kama kidonda. Jioni moja ulirudi umeshika kofia yako kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Nikadhani umeniletea uyoga. Kumbe ni vile vibofu vya kijani vyenye nywele laini, ambavyo watoto wa hapa huviita baluni. Ukasema, "Hii ndiyo ya mwisho pale barabarani." Nikakuuliza kama inaliwa. Ukasema, "Na watu, hapana."

Uliviweka juu ya kabati la jikoni vikauke, wala hukunionya. Siku vilipopasuka nilikuwa nasonga obusuma. Upepo uliingia mlangoni, na zile mbegu zikainuka na manyoya yao meupe, zikaelea jikoni kote, nyingine zikashukia kwenye sufuria. Mdogo wako Shivachi alikuwa amekuja kula kwetu, kama kawaida yake. Alichomoa unywele mmoja kwenye tonge, akauangalia kwenye mwanga, akaniambia, "Mama Muhonja, leo umetupikia kondoo na ngozi yake?" Muhonja, ambaye alikuwa bado mdogo, alicheka mpaka mboga ikampanda puani. Wewe ulikuwa chini ya meza unaokota mbegu.

Ulizipanda kwenye mpaka wetu na Shivachi, pale mteremkoni ambapo mahindi hayajawahi kutuheshimu. Zilipoota ulinipeleka kunionyesha. Ulivunja jani likatoa maziwa, ukaniambia maziwa hayo ni sumu, nisiguse macho nikishayashika. Nikauliza, je, ng'ombe? Ukasema ng'ombe akionja mara moja anatema, kwa vile ni chungu. "Lakini likikatwa likanyauka, likachanganywa na majani mengine, hapo hatajua." Maneno hayo niliyaweka kama ninavyoweka sumu ya panya, juu, mbali na watoto, lakini mahali ambapo mkono wangu unapafahamu.

Halafu wakaja vipepeo. Wale wa rangi ya chungwa, wenye ncha nyeusi zilizonyunyiziwa madoa meupe. Ulisema kipepeo huyu hatagi mayai kwenye kitu kingine chochote ila mmea huu na ndugu zake, kwa hiyo ukikwangua barabara umemkwangua naye. Baada ya vipepeo wakaja viwavi, na hapo ndipo kijiji kilipokuja. Ulikuwa mwaka ambao viwavi jeshi walikuwa wamekula mahindi ya kila mtu, na wewe ulikuwa na mstari mzima wa viwavi wanene wenye mistari ya njano na nyeusi, wamevimba kama wana wa chifu. Watu walisimama kwenye mpaka wakanong'ona kwamba Baba Muhonja anafuga adui.

Shivachi ndiye aliyesema kwa sauti. "Kaka, hao wakimaliza kwako watakuja kukula kwangu."

Hukubishana. Ulimchukua kiwavi mmoja kwa kidole, ukaenda naye mpaka kwenye mahindi ya Shivachi, ukamweka juu ya jani. "Basi kaa hapa umwangalie anavyokula." Na Shivachi, kwa ukaidi wake, alikaa. Aliletewa chai palepale, akanywa bila kuondoa macho. Kiwavi alizunguka lile jani, akafika ncha, akarudi, akashuka kwa shina, akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Ukasema, "Umeona? Hata ukimpa shamba lote, atakufa njaa akiliangalia."

Mimi nakumbuka zaidi ile sare yangu ya kanisa. Niliianika Jumatano, na Jumamosi nilipokwenda kuianua nikakuta kifuko kinaning'inia kwenye pindo, cha kijani kibichi, chenye nukta zinazong'aa kama dhahabu. Niliita jina lako. Ulikuja ukainama kama mtu anayesoma Biblia ya maandishi madogo. Kisha ukaniambia kwa upole kabisa, "Vaa ile ya bluu." Nilikwenda kanisani na gauni la bluu katikati ya akina mama waliovaa nyeupe wote. Mwenyekiti wetu aliniuliza kama nimehama dhehebu. Nikajibu kwamba nguo yangu ina mgeni. Hawakuelewa, nami sikueleza. Nilifurahi kuwa na kitu ambacho ni sisi wawili tu tuliokijua. Sare ilikaa kwenye kamba, jua na manyunyu, mpaka asubuhi moja ukaniita nje kabla sijawasha moto. Alikuwa ameshatoka. Mabawa yake yalikuwa bado yamekunjamana na yana unyevu, na wewe ulikuwa umesimama upande wa upepo ili usimpige.

Sikuwahi kukuambia hili vizuri, ingawa nadhani ulilijua. Maboga yetu yalianza kushika. Zamani maua ya kike yalikuwa yananyauka na vitoto vyao, tukibaki na majani ya kupika tu. Lakini tangu ule mstari wako uchanue, nyuki walikuwa wanapita huko kwanza, na nyigu wembamba, na nzi wadogo wa rangi ya shaba, kisha wanashuka kwenye bustani yangu kama watu wanaotoka misa kwenda sokoni. Maharagwe nayo yakafuata. Mimi ni mtu wa darasa la nane, sina maneno ya kitaalamu. Najua tu kikapu kilikuwa chepesi, kisha kikawa kizito.

Ulipolazwa, siku zile ambazo kusema kulikuwa kunakuchosha, uliniuliza swali moja kila asubuhi nilipofika: "Mvua imenyesha nyumbani?" Muuguzi alidhani unauliza habari ya mahindi. Mimi nilikuwa nimeshapita mteremkoni kabla ya kupanda gari, kwa hiyo nilikujibu ulichouliza. Nilikuambia yamechanua. Nilikuambia wapo. Siku ya mwisho nilikujibu hivyo hivyo, na sijui kama ulisikia.

Shivachi alikuzika kwa heshima, nataka ulijue hilo. Alileta fahali wake Radi na mafahali wengine wa ukoo, wakazungushwa kwenye boma kwa ngoma za isukuti, kama anavyoagwa mwanamume wa Isukha. Vumbi lilipanda mpaka juu ya mabati. Radi alivuka mstari wako akauvunja katikati. Niliona, nikanyamaza, kwani siku ile ilikuwa ya kwao wenye ngoma. Shivachi alikimbia mbele ya fahali akipiga mbinja, jasho linamtoka, na hakulia hata chozi moja. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi sikumsifu. Nilimwonea huruma.

Mvua zilipoanza tena, mashina yaliyovunjika yalichipua. Nikapalilia. Nilikuwa nimeanza kupazoea mahali pale kama watu wanavyozoea kiti cha mtu wao, na sikujua kwamba kuna mtu anayepaangalia kwa jicho jingine.

Sasa nisikilize. Mwanzoni mwa mwezi uliopita Radi aliugua. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi alikuwa na pambano na fahali wa kutoka Khayega, lile ambalo Shivachi amelisubiri tangu mwaka jana. Tumbo lilijaa upande wa kushoto likawa gumu kama ngoma, akawa anasimama na kulala, anasimama na kulala. Ijumaa asubuhi nilikuwa nachuma mboga, nikamwona Shivachi anakuja na fyekeo. Hakunisalimia. Aliinama kwenye mstari wako upande wa chini akaanza kufyeka.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Hii kitu yenu imeua Radi!"

"Amekufa?"

"Anakufa!"

Alikuwa anafyeka kama mtu anayepigana, na kila akishakusanya fungu la mashina analitupa nyuma yake, ng'ambo ya mpaka, bila kuangalia. Nilimwambia aache. Nikamwambia kwa jina la baba yake. Hakuacha. Vibofu vilikuwa vinapasuka chini ya miguu yake, na viwavi nilikuwa nawaona kwenye majani yaliyoanguka, bado wanakula, hawajajua kwamba shina halipo tena.

Hapo ndipo nilipoona anakotupa. Ng'ambo kulikuwa na lundo la nepia, aliyoikata alfajiri kwa ajili ya ng'ombe wake wengine. Mashina yako yalikuwa yanaangukia juu yake, maziwa yanachuruzika, jua linaanza kupanda. Ningesubiri kidogo tu, yangenyauka yakachanganyika, na mkewe angekuja na wilbaro kuwapelekea.

Baba Muhonja, sikufikiri. Niliruka mpaka na gambuti zangu, nikapanda juu ya lile lundo, nikasimama. Mjane mzima, kwenye nepia ya shemeji yake, na mboga bado ziko mkononi.

"Shuka," akasema.

"Sishuki. Shemeji, una fahali mmoja mgonjwa. Ukiwalisha hawa wengine kitu hiki kimenyauka, jioni utakuwa huna hata wa kukama."

Fyekeo lilibaki hewani. "Kwa hivyo unakubali ni sumu."

"Tangu lini nilikataa? Ni sumu. Ndiyo maana ng'ombe haligusi jani hili likiwa limesimama. Njoo uangalie hilo ulilobakisha, kama kuna jani lililong'atwa na ng'ombe."

Akaangalia. Hakukuwa na hata moja, isipokuwa matundu ya viwavi.

"Basi Radi alikula nini?"

"Hilo muulize aliyemlisha."

Mama Brian, mkewe, alikuwa ameshatoka na wilbaro lake, amesimama pembeni, mkono kiunoni. Akasema, "Baba Brian, niseme ama nisiseme?"

"Nyamaza, mwanamke."

"Sawa. Nitanyamaza mpaka daktari afike."

Tulitoa mashina yote kwenye nepia, mimi na Mama Brian, mikono yetu imefungwa mifuko ya plastiki. Na lile tabaka la juu lililolowa maziwa tulilitoa pia, tukalifukia kwenye shimo la takataka. Shivachi alikaa kwenye jiwe, hakusaidia wala hakuzuia. Daktari wa mifugo alipofika alimpigapiga Radi tumboni, akampitisha mpira kooni. Harufu iliyotoka, baba, haikuwa ya majani. Ilikuwa ya kilabuni. Daktari aligeuza uso, akauliza kwa utaratibu, "Mzee, huyu mlimpa nini?"

Shivachi alichezea kamba ya Radi. Kisha Mama Brian akasema, "Sasa naweza kusema? Machicha ya busaa. Karai zima, jioni ya Jumatano. Ati apate hasira ya Jumamosi. Nilimwambia, ng'ombe si mlevi mwenzako!"

Daktari alijitahidi asicheke. Mimi sikujitahidi. Nilicheka mpaka nikashika mlango wa zizi, na nilikuwa sijacheka hivyo tangu tulipokuzika. Radi alinyweshwa mafuta, akazungushwa boma pole pole kama mgonjwa wa wodini, na kufikia jioni tumbo lilikuwa limeanza kushuka. Kwenye pambano hakwenda. Huko uwanjani Jumamosi nasikia walikwisha kutunga wimbo kuhusu fahali aliyekunywa akasahau njia ya uwanja.

Ungedhani yaliishia hapo. Nami nilidhani. Lakini Jumapili jioni Shivachi alikuja mlangoni kwangu, amevaa koti, na nilipoona koti nikajua amekuja kama ukoo.

"Mama Muhonja," akaanza, "ya Radi tuyaache. Lakini umesema kwa mdomo wako hii kitu ni sumu. Mimi niko na ng'ombe, niko na watoto. Ing'oe. Nitapanda nepia mpaka pale, na wewe nitakuwa nakupatia maziwa."

Nilimwandalia chai kwanza. Nilihitaji mikono yangu iwe na kazi. Nilijua akiondoka na neno langu la ndiyo, ule mmea umekwisha hapa. Barabarani haupo. Kwenye miwa wananyunyizia dawa ya magugu. Mpaka kule msituni ni mbali kwa kitu kidogo chenye mabawa ya karatasi. Ni mstari wako tu, na sasa ni nusu.

"Shemeji," nikamwambia, "sing'oi."

"Hii ni ardhi ya baba yetu."

"Ndiyo. Nimeolewa hapa, nimezalia hapa, nimezika hapa. Sijaja kukopa mahali pa kusimama. Unawaogopea ng'ombe wako, hiyo ni haki yako. Basi tuzungushie ua. Lundo la nepia ulihamishe upande wa zizi, lisiwe karibu. Kufyeka nitafyeka mimi, na nikifyeka nafukia. Watoto wako nitawafundisha mwenyewe kuhusu macho. Lakini kung'oa, sing'oi. Leo sing'oi, na ukirudi na wazee nitawapikia wazee chai, na sitang'oa."

Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Akazungusha kikombe. "Ndugu yangu alikuwa anaonanga nini pale?"

Nilimchukua tukaenda mteremkoni. Nilipindua jani la upande uliobaki nikamwonyesha yai, dogo kuliko punje ya wimbi. Nikamwonyesha kiwavi. Alichuchumaa na koti lake, akanyoosha kidole, na kiwavi akapanda juu yake. Alimwangalia anavyotembea kutoka kidole hiki kwenda kile.

"Siku ile alinikalisha kwenye mahindi," akasema, "nikinywa chai kama mjinga. Nilikuwa najua hawezi kula. Nilikaa tu kwa sababu alikuwa amefurahi sana, nikasema wacha afurahi."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, amechuchumaa, mkono ameuinua ili kiwavi asianguke. Kile alichokataa kukitoa kwenye mazishi yako kilitoka pale, na mimi nilimshika bega nikamwacha amalize. Ulikuwa na ndugu, Baba Muhonja. Sikuwa nimeelewa ni kiasi gani.

Jumatano iliyofuata nilisikia nyundo. Nilipotoka nikamkuta anapigilia nguzo, amevuta seng'enge kuzunguka mstari wako wote, pamoja na nusu aliyoifyeka. Hakuomba msamaha, wala sikumdai. Alisema tu, "Hii upande wa chini itachipua?" Nikamwambia mizizi ipo. Akasema, "Basi," akaendelea kupiga misumari.

Na inachipua. Mvua ya wiki hii imeleta vichipukizi vyekundu kwenye kila kisiki. Lakini mimi nimeamua sitangoja tena mtu mmoja mwenye hasira na fyekeo moja awe ndiye wa kuamua kama vipepeo watakuwepo hapa au la. Nilikusanya mbegu zilizotawanyika siku ile, nikazipanda kwenye pakiti za maziwa, na sasa zimejipanga chini ya ukuta wa jikoni, zina majani manne manne. Wenzangu wa kanisani wameziulizia, wale wale walionicheka gauni la bluu. Kila anayechukua mche namwambia masharti kabla sijauachilia: upande mbali na lishe ya ng'ombe, zungushia, ukikata fukia, nawa mikono, na karibu nao usinyunyize dawa yoyote. Asiyeyakubali simpi. Mmoja amenuna. Wacha anune.

Muhonja aliponipigia simu nilimweleza, akaniuliza, "Mama, umepata wapi huo ukali?" Nikamwambia sijui. Nadhani nilikuwa nao siku zote, ila ulipokuwepo haukuhitajika. Wewe ulikuwa unashinda watu kwa kuwaonyesha. Mimi nawaambia, halafu ndipo nawaonyesha. Tunafika.

Sitakudanganya kwamba nimezoea. Kuna jioni naandaa sahani yako. Kitanda ni kipana. Lakini asubuhi nina mahali pa kwenda kabla ya chai, na nikifika huko nina kazi, na kazi inanisimamisha. Mvua hii ikipungua nitapeleka miche kule barabarani, kwenye kingo walizokwangua. Tayari nimemwambia Shivachi atabeba maji. Amelalamika, kisha akauliza saa ngapi.

Sasa mvua inakata na naona Mama Brian anakuja na mwavuli, bila shaka ana umbea. Nitaishia hapa. Lala salama, mume wangu. Kazi yako niachie, ninaiweza.

Nawe, huko uliko, nikumbuke.

Mke wako,
Mama Muhonja